Ngoma Ivumayo, na Ile Inayodumu

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na ukitazama yaliyotupata Uganda mwezi Machi 2012 unaweza kudhani walikuwa wanausema mtandao. Tarehe 5 ya mwezi ule, shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children liliweka mtandaoni video ya nusu saa kuhusu Joseph Kony na LRA, kundi lake la waasi lililopigana kaskazini mwa Uganda. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Kabla yake hakuna video iliyokwenda mbio namna ile. Oprah Winfrey na Rihanna waliisambaza, vijana wa Marekani ambao wasingeweza kuionyesha Gulu kwenye ramani wakanunua bangili na mabango, na Uganda ikawa gumzo la dunia bila Waganda kuulizwa neno.

Tarehe 13 Machi video hiyo ikaonyeshwa hadharani mjini Lira, mbele ya watu ambao vita ile iliwapitia mwilini: wazazi walioporwa watoto, watu waliolala kambini mwaka baada ya mwaka, waliorudi kutoka msituni wakiwa na makovu. Umati ulikuwa mkubwa. Walitarajia kuona maisha yao. Wakamwona baba wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo nani mwema na nani mbaya, na sura ya mtu aliyewaumiza ikiwa imechapwa kwenye mabango na fulana. Hasira zikapanda, mawe yakarushwa, onyesho likavunjika, na waandaaji wakasimamisha maonyesho mengine waliyokuwa wameyapanga. Mwanablogu wetu Rosebell Kagumire alikuwa amekwisha kurekodi video yake fupi akieleza kuwa hadithi ile imerahisishwa mno, na kwamba inamchora Mwafrika kama mtu anayengoja kuokolewa. LRA yenyewe ilikuwa imetoka katika ardhi ya Uganda tangu karibu mwaka 2006. Ilipofika tarehe 20 Aprili, usiku ambao watu wa miji mbalimbali duniani walitakiwa kutoka na kubandika mabango ya Kony, waliojitokeza walikuwa wachache sana. Zilikuwa hazijapita wiki saba.

Lakini jambo lenyewe halikufa. Hati ya kumkamata Kony ilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005, na Septemba 2025 majaji wake mjini The Hague wakayasikiliza mashtaka dhidi yake bila yeye kuwapo. Watu wa kaskazini hawajaacha kuifuatilia kesi hiyo hata siku moja. Kilichokufa ni video.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili Busia, upande wa Uganda, na siku zangu hupita katikati ya watu wanaotumiana vitu kwa simu: wanafunzi, wazazi, walimu wenzangu, wafanyabiashara wa mpakani. Swali hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu na mimi huandaa vitu vya kufundishia na kuviweka mtandaoni, na ninataka vifike na vibaki. Kwa nini kitu kimoja huenda mbio kikafa, na kingine hutambaa taratibu na bado watu wanakiulizia mwaka wa tatu? Jibu nililolifikia ni hili: kitu husambaa kwa sababu kinamfaa anayekituma, na hudumu kwa sababu kinamfaa anayekihitaji tena. Hao ni watu wawili tofauti, na mara nyingi hawajuani.

Tuanze na mtumaji. Mwaka uleule wa 2012, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Jonah Berger na Katherine Milkman, walichapisha uchunguzi wao juu ya makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times. Walitaka kujua ni zipi ambazo wasomaji huwatumia wenzao kwa barua pepe. Zilizotumwa sana zilikuwa zile zinazomsisimua mtu: zinazomstaajabisha, zinazomkasirisha, zinazomtia wasiwasi. Za huzuni zilitumwa kidogo, kwa kuwa huzuni humkalisha mtu chini. Tena kuna jambo ambalo wanaoutaja utafiti huu hulisahau mara kwa mara, nalo ni kwamba makala zenye manufaa ya vitendo zilitumwa sana pia.

Hapa kwetu hali haina tofauti. Katika kundi la wazazi, tangazo la msiba hupata pole nyingi na kuishia palepale. Habari kwamba ada imepanda hufika Tororo kabla ya kengele ya mapumziko. Anayeituma anazo sababu zake: anataka kuwa wa kwanza kujua, anataka wenzake wakasirike pamoja naye, anataka ionekane kuwa masomo ya mtoto wake ni jambo analolijali. Silioni hilo kuwa kosa. Ndivyo watu wanavyozungumza tangu zamani, kisimani na sokoni.

Wenye mitandao wanalijua, na mitambo yao imejengwa juu yake. Mwaka 2017 Facebook ilianza kuzipa alama za hisia, pamoja na ule uso wa hasira, uzito mara 5 ya laiki ya kawaida wakati algoriti inapoamua chapisho gani lionyeshwe kwa watu zaidi. Watafiti wa ndani ya kampuni wakagundua kwamba machapisho yanayokusanya nyuso za hasira ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kubeba uongo na maneno ya sumu, na Septemba 2020 uzito wa uso ule ukashushwa hadi sifuri. Kwa miaka mitatu hivi, basi, hasira ililipwa kuliko laiki. Nikikumbuka kwamba Uganda ilikuwa inaelekea uchaguzi katika kipindi hicho, jambo hilo linaniumiza.

Bahati nayo ipo, na ni kubwa kuliko wanavyokiri wale wanaouza mafunzo ya jinsi ya kuvuma. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwapa watu zaidi ya 14,000 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana wazisikilize na kupakua wanazozipenda. Wakawagawa wengi wao katika dunia 8 zisizoonana, na katika kila dunia mtu aliona tu ni nyimbo gani ambazo wenzake wa humo wamezipakua. Nyimbo zilizopaa katika dunia moja hazikuwa lazima zipae katika nyingine. Zile nzuri sana hazikushindwa vibaya, na zile mbovu sana hazikushinda, lakini zote za katikati ziliweza kuangukia popote. Kwa hiyo mtu akikuhakikishia kuwa video yako itavuma, anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Kuna jambo la mtandao ambalo Uganda ililielewa kabla mtandao haujatufikia, nalo nimelijua vibandani. Katika vibanda vya video vya Kampala, Jinja na hapa Busia, filamu ya Hong Kong au ya Marekani haikuwa kitu mpaka VJ ashike maikrofoni. VJ huitafsiri papo hapo, hasa kwa Kiganda, na hafasiri tu. Humpa jambazi jina la mtaa unaoujua, humkemea shujaa akichelewa, huwaambia watazamaji wa nyuma wakae vizuri maana sasa mambo yanaanza. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipoanza kutengeneza filamu zake za mapigano kwa fedha kidogo mno na hatimaye YouTube ikazipeleka duniani, filamu iliyomtambulisha kwa wageni ilipakiwa ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na watu wa nchi za mbali waliipenda sauti ile hata kama masikio yao hayakuizoea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu husafiri pale mtu wa pili anapoweza kukitia sauti yake. Kisichoacha nafasi ya sauti ya pili husifiwa na kuachwa.

Halafu kuna bei, ambayo wanaoandika kuhusu mambo haya kutoka nchi tajiri hawana haja ya kuifikiria. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao ya aina hiyo. Watu wengi ambao hawakuwahi kusikia habari za VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, wakafundishana kuiweka. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka na mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Katikati ya hayo kukawa na uchaguzi wa Januari 2021. Facebook ilifuta akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya TEHAMA, serikali ikaifunga Facebook, na kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari intaneti ikazimwa nchi nzima. Iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na aliyeitaka ilimbidi apitie VPN. Matokeo yake unayaona katika vitu vinavyosafiri hapa kwetu. Video ndefu haifiki mbali. Kinachofika ni sauti iliyorekodiwa WhatsApp, picha yenye maandishi juu yake, kipande cha sekunde chache kilichokwisha kupunguzwa uzito mara nyingi hadi sura hazitambuliki. Anayeishi kwa bando la siku hupima kila anachokifungua, na nina hakika kwamba heshima ya kwanza unayoweza kumpa msikilizaji wa Uganda ni kuzijali megabaiti zake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifundisha kuliko utafiti wowote. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora vibonzo na mhadhiri, aliwaalika watu Twitter wapige picha mashimo ya barabara za Kampala na kuyaweka chini ya alama ya reli #UgandaPotholeExhibition. Yaani maonyesho: mashimo yatundikwe watu wayatazame kama kazi za sanaa. Siku chache baadaye picha zilikuwa zinamiminika, za Kampala kwanza, kisha za miji mingine. Watu waliyapiga picha mashimo mchana na usiku, mengine yakiwa yamejaa maji. Rais akaagiza Wizara ya Fedha iipatie mamlaka ya jiji shilingi bilioni 6 za ukarabati.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi nikiwa na wanafunzi wangu, kwa sababu karibu kila kitu kinachoitwa siri ya kuvuma kilikuwamo na hakuna aliyekinunua. Ssentongo hakuwaambia watu walalamike. Malalamiko wanayo siku zote na hayaonekani. Aliwapa umbo: piga picha, taja barabara, weka alama ya reli. Mwenye simu ya bei nafuu na mwenye simu ya bei ghali walikuwa sawa mbele ya shimo, na kila Mganda alikuwa na shimo lake. Kulipiga picha hakukuhitaji ujuzi, wala kadi ya chama, wala ujasiri wa kupita kiasi. Hili la mwisho lina uzito katika nchi ambayo watu wamefungwa kwa sababu ya walichokiandika mtandaoni. Mwaka 2019 Stella Nyanzi, msomi aliyewahi kuwa mtafiti Makerere, alihukumiwa miezi 18 kwa shairi aliloliweka Facebook. Shimo ni shimo. Huwezi kumshtaki mtu kwa kusema kwamba mbele ya duka lake kuna shimo, huku shimo lenyewe lipo na gari la waziri limelikwepa asubuhi.

Na ukweli ule uliweza kuthibitishwa na yeyote. Picha ilitaja barabara, na aliyetilia shaka aliweza kwenda kutazama. Nadhani hapa ndipo tofauti yake na video ya Kony inapokaa. Video ile ilimtaka mtazamaji aamini jambo la mbali ambalo hawezi kulikagua, kisha anunue bangili. Maonyesho ya mashimo yalimtaka atoke nje ya mlango wake. Waliohusika ndio waliosema, na hakuna aliyekuja Lira kuwaonyesha maisha yao.

Mashimo mengine yalizibwa, mengine yamerudi. Kilichodumu ni umbo. Wiki chache tu baadaye yakaja maonyesho ya afya: wagonjwa, wauguzi na jamaa zao wakasimulia hali ya hospitali, vitanda visivyokuwapo, dawa zilizokwisha, fedha walizoombwa. Yakafuata ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwanzoni mwa 2024 yakaja ya Bunge, #UgandaParliamentExhibition, na hapo picha zikapisha nyaraka. Mwanahabari na mwanasheria Agather Atuhaire, Ssentongo na wenzao wakawa wanaweka hati za malipo ukurasa kwa ukurasa. Nchi nzima ikajadili shilingi bilioni 1.7 ambazo makamishna wanne wa Bunge walijigawia kama tuzo ya utumishi. Nilisikia kiasi hicho kikitajwa na waendesha boda wa hapa mpakani ambao hawana akaunti ya X, iliyokuwa Twitter. Redio zilikisoma, watu wakakirekodi kwa sauti, sauti ikaingia WhatsApp. Julai 2024 vijana waliingia barabarani Kampala wakitaka kwenda Bungeni kupinga ufisadi, wengi wakakamatwa. Siwezi kusema alama ya reli ndiyo iliyowatoa nyumbani, kwa maana Nairobi ilikuwa imewaka mwezi uliotangulia na vijana wetu walikuwa wanaitazama kila usiku. Lakini walipotoka walikuwa na takwimu midomoni, na takwimu hizo walizipata kwenye maonyesho.

Kwa hiyo jambo moja lililoanza na picha za lami iliyobomoka lilikuwa bado na nguvu mwaka mzima baadaye, katika sura nyingine. Sijaona chapisho la mtu maarufu hapa kwetu lililoishi hivyo.

Kudumu kwa namna nyingine nimekuona sokoni. Yupo mama mmoja muuza nafaka hapa Busia ambaye kila asubuhi huweka bei kwenye stetasi yake ya WhatsApp: mahindi, maharage, mtama, bei ya Uganda na bei ya Kenya, basi. Hana picha nzuri. Maandishi meupe juu ya rangi ya kijani. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo kazi yake yote hupotea kila siku na yeye huianza upya. Niliwahi kumuuliza kwa nini haweki na video za kuchekesha ili watazamaji waongezeke.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi sitafuti watu wengi. Natafuta watu wa mahindi.”

“Lakini Mama, wakiwa wengi si watakuwamo na wa mahindi?”

“Watakuwamo, ndiyo. Halafu yule wa mahindi atapitwa na bei yangu akiangalia vichekesho.”

Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakapanga foleni, uvumi ukajaa kila kundi: mpaka umefungwa, haujafungwa, mahindi yatachomwa. Siku zile bei za mama huyu zilisambaa hadi kwa watu wasiomjua, zikipigwa picha kutoka kwenye stetasi na kupelekwa Mbale, Soroti, Bungoma. Siku chache baadaye Kenya ikafungua tena kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na yeye akaliandika sharti hilo kwa Kiswahili chepesi chini ya bei. Alivuma wiki ile kwa sababu alikuwa ameaminika kabla ya wiki ile. Hakuna mtu aliyeanza kumtafuta siku mpaka ulipofungwa. Walikuwa wanaye tayari.

Ninaona jambo hilohilo kwa Ghetto Kids, ingawa wao wako kwenye jukwaa kubwa kuliko soko la Busia. Mwaka 2014 watoto wale wa Kampala, wakilelewa na mwalimu Dauda Kavuma, walirekodiwa wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo, na video ile rahisi ikazunguka dunia. Ingeweza kuishia hapo, na kwa watoto wengi waliovuma mtandaoni huishia hapo. Mwaka 2017 wakaonekana kwenye video ya mwanamuziki wa Marekani French Montana. Mwaka 2023 wakasimama kwenye jukwaa la Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, jaji Bruno Tonioli akabonyeza kitufe cha dhahabu kabla hata hawajamaliza kucheza, na wakafika fainali. Kati ya 2014 na 2023 ni miaka tisa. Waliokuwa wadogo wakakua, wakaja wadogo wengine, na mazoezi hayakukoma. Watazamaji waliiona sekunde ile ya kitufe. Sisi tuliosomesha watoto tunaijua ile miaka tisa ilivyo: chakula, ada, viatu, mtoto aliyeamka vibaya, mtoto anayetaka kuacha.

Kuhusu uongo nitasema kidogo, si kwa kuwa ni jambo dogo. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha uchunguzi wa habari 126,000 zilizosambazwa na watu karibu milioni 3 kwenye Twitter tangu 2006 hadi 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na walioisambaza ni watu wenyewe, kwa kuwa uongo hutengenezwa mpya na wa kushangaza. Ukweli una mipaka ya kushangaza kwake. WhatsApp ilipunguza idadi ya kupeleka ujumbe mbele hadi mazungumzo 5 kwa mara moja mwaka 2019, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa unapelekwa kwenye gumzo moja tu kila mara. Kampuni ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Mishale miwili midogo juu ya ujumbe ndiyo alama yake, na ninawafundisha wanafunzi waitazame kabla ya kusoma neno la kwanza.

Ninayoyafanya na wanafunzi ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo watu wamekuwa wakiniuliza ni wapi watapata vitu vya Kiswahili vilivyotengenezwa hapahapa Uganda, na vingi walivyonavyo vimetoka Tanzania au Kenya. Ni vizuri, navitumia, ila havizungumzii Busia, Arua wala Bombo. Kiganda kinaingia ndani sana Kampala. Kiswahili kinavuka: mwanafunzi wangu akirekodi kitu, kinaweza kusikilizwa na shangazi yake aliye ng'ambo ya mpaka, dereva wa lori kutoka Mombasa na mfanyabiashara wa Kongo. Wasikilizaji hao hawamo katika mahesabu ya wanaotafuta kuvuma Kampala, na ni wengi.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unawataka wanafunzi wafanye miradi. Wa kwangu wamechagua biashara ndogo ya mpakani. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kumlipa wakala. Wanawake wengi wanaobeba matunda na nguo kupitia kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia hawakuambiwa hilo, au waliambiwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wameenda kuuliza, wamesikiliza, wamerudi kuandika, na sasa wanarekodi sauti za dakika mbili mbili: bidhaa gani zimo kwenye orodha, cheti unakiomba dirisha gani, na uongo gani unaoweza kuambiwa. Kila sauti huanza kwa mwanafunzi kutaja mwezi na mwaka aliorekodi na mahali alipo, ili ikifika kwa mtu baada ya miaka miwili ajue ni ya lini. Wasichana wawili wamejitolea kurudi mpakani kila mwanzo wa muhula kuuliza kama kuna kilichobadilika, na kikibadilika wanarekodi upya. Sauti ya kwanza, ile ya orodha ya bidhaa, imekwisha kuombwa na chama cha akina mama wa upande wa Kenya, ambao wametaka tuwaongezee dagaa na mayai.